Herufi zimerudi kuwa sisimizi

Jumamosi moja ya Februari 2025, saa mbili asubuhi, mjomba alinipigia simu kutoka Tanga. Nikampa shikamoo, akaitikia marahaba, akauliza habari za watoto, akauliza kazi, kisha akaingia kwenye jambo lake: "Mjomba, zile herufi zimerudi kuwa sisimizi."

Nilimwelewa papo hapo. Mjomba ana mtoto wa jicho. La kushoto ameshafanyiwa upasuaji, la kulia linasubiri. Alikuwa karani wa reli, na tangu astaafu siku yake haianzi mpaka asome magazeti. Anayasomea kwenye simu, kwa bando la siku, amekaa barazani na kikombe chake cha kahawa. Mwaka 2022 nilimtengenezea kiendelezi kidogo cha kivinjari, yaani programu ndogo inayopachikwa ndani ya ile programu ya kufungulia tovuti. Kinakuza herufi kwa fonti niliyoichagua mwenyewe, yenye nafasi ya kutosha kati ya herufi na herufi. Kinaweka maandishi meusi juu ya rangi ya maziwa. Tena kinazuia matangazo na video zinazojicheza zenyewe, maana hizo ndizo zinazolimaliza bando kabla habari haijafika aya ya pili. Kwa mtu wa macho mazima hiki ni kitu cha kupendeza tu. Kwa mjomba ndicho kinachoamua kama leo atasoma au hatasoma.

Wiki moja kabla ya simu ile nilikuwa nimemhamisha kutoka kivinjari cha Kiwi kwenda Firefox. Niliona kiendelezi kimesakinishwa, nikaona alama yake kwenye menyu, nikaridhika. Sikufungua gazeti hata moja nikaangalia. Kosa lilikuwa langu, na kulitafuta kulinifundisha mambo ambayo miaka yote ya kuandika programu sikuwa nimeyatazama kwa karibu: maana halisi ya kivinjari kimoja kubeba viendelezi vilivyoandikiwa kivinjari kingine.

Nianze na Kiwi, kwa sababu kinastahili kukumbukwa. Chrome ya kompyuta inapokea viendelezi tangu mwaka 2010, lakini Chrome ya simu zetu za Android haipokei. Kwa watu wengi huku kwetu, ambao kompyuta yao ya kwanza na ya mwisho ni simu, maana yake ni kwamba ulimwengu mzima wa viendelezi ulikuwa ni hadithi ya watu wengine. Firefox ya Android ilikuwa inavipokea, lakini ilipoandikwa upya mwaka 2020 ikabaki na orodha fupi tu iliyoruhusiwa. Kiwi, kivinjari kilichojengwa juu ya Chromium, ule msingi wa wazi ambao Chrome yenyewe imejengwa juu yake, na kutunzwa hasa na msanidi mmoja, kilianza mwaka 2019 kubeba viendelezi vya Chrome kwenye Android. Unaingia kwenye duka lile lile la Chrome, unabonyeza, kiendelezi kinakaa kwenye simu. Mwaka 2020 msimbo wake, yaani maandishi ya programu yenyewe, ukawekwa wazi kwa yeyote. Nilipokiona mara ya kwanza kikifanya kazi kwenye simu ya bei ya chini nilikaa kimya kwa muda, kwa sababu nilijua mara moja nitamfanyia nini mjomba.

Januari 2025 ikatangazwa kwamba Kiwi kimefikia mwisho. Tangu mwaka 2021 Chromium imekuwa ikitoa toleo jipya takriban kila wiki nne, na kila toleo lina mianya ya usalama iliyozibwa. Kivinjari kilichojengwa juu yake kisipofuata mwendo huo, kila mwezi kinabaki na mianya ambayo wezi wameshaonyeshwa ilipo. Kiwi kilichokuwa kwenye simu ya mjomba kingeendelea kufunguka kama kawaida, lakini mjomba anaingia benki kwa simu ile ile. Sikuweza kumwachia.

Bahati nzuri, Desemba 2023 Firefox ya Android ilikuwa imefungua tena mlango: viendelezi zaidi ya 400 kwa mkupuo, na msanidi yeyote akaruhusiwa kuleta chake. Kwa hiyo nikaandaa cha kwangu. Kwenye manifest.json, lile faili ambalo kiendelezi hujitambulisha kwalo, niliongeza mstari wa kusema kinafaa kwa Android, nikakipeleka kwenye duka la Mozilla, wenye Firefox, kikasainiwa. Mahali pa kwanza nilipokwama palikuwa pa wazi. Nyuma ya kila kiendelezi kuna msimbo unaofanya kazi bila kuonekana. Chrome, katika mfumo wake mpya uitwao Manifest V3, inataka uutaje kwa jina la service_worker, na msimbo huo usipokuwa na kazi kwa sekunde 30 inauzima. Firefox inataka uutaje kwa jina la scripts. Hadi mwishoni mwa 2023 mambo yalikuwa magumu zaidi: ukiandika hili Chrome inakataa kufungua, ukiandika lile Firefox inakataa, kwa hiyo ulilazimika kutunza mafaili mawili ya kiendelezi kimoja. Kuanzia toleo la 121, vivinjari vyote viwili vikakubali kuona majina yote mawili kwenye faili moja, kila kimoja kikichukua lake na kuliacha la mwenzake. Ukiangalia kwenye skrini ni mistari miwili tu iliyokaa jirani. Waliokuwa wakitunza mafaili mawili wanajua thamani ya mistari ile.

Hilo nililitatua. Lililonikwamisha lilikuwa fonti.

Kiendelezi kinapokuwa ndani ya Chrome kinapewa anwani: chrome-extension://, kisha herufi 32, zote kati ya a na p. Herufi hizo ni zile zile kwenye kila simu na kila kompyuta duniani iliyosakinisha kiendelezi hicho kutoka dukani. Mimi nilizinakili herufi zangu 32 nikazibandika ndani ya msimbo, pale unaposema "chukua fonti kutoka hapa". Zilifanya kazi kwenye Chrome, zikafanya kazi kwenye Kiwi, nikasahau kama nimezibandika. Firefox haifanyi hivyo. Yenyewe inampa kila mtu anwani ya peke yake, inayoanza na moz-extension:// na kufuatiwa na namba ya kubahatisha, kwa makusudi kabisa: anwani ikiwa moja kwa watu wote, tovuti inaweza kuitumia kuchungulia una viendelezi gani, na kwa viendelezi hivyo ikakutambua wewe ni nani kati ya maelfu. Kwa hiyo kwenye simu ya mjomba kiendelezi kilienda kubisha hodi kwenye nyumba isiyokuwepo, fonti ikakosekana, na kwa kuwa nilikuwa nimefunga ukubwa wa herufi pamoja na fonti, navyo vikaanguka pamoja. Rangi ya maziwa ilikuwepo. Herufi zikawa sisimizi.

Dawa yake ni mwito mmoja, runtime.getURL, unaouliza kivinjari chenyewe: "hapa naishi wapi?" Upo tangu zamani, umeandikwa kwenye nyaraka zote. Sikuutumia kwa sababu kivinjari nilichokijua hakikunilazimisha.

Hapo ndipo nilipoona ugumu wa kazi ya kivinjari kidogo kinachotaka kupokea viendelezi vya wakubwa. Kwenye karatasi, kazi ni kutekeleza miito iliyoandikwa: fungua kichupo, hifadhi mpangilio, tuma ujumbe. Lakini kule madukani kuna viendelezi vya watu kama mimi, vilivyoandikwa kwa kujaribu mpaka vikafanya kazi kwenye kivinjari kimoja. Vinategemea yaliyoandikwa, na vinategemea pia mazoea ambayo hayakuandikwa popote. Mfano ninaoupenda ni wa ujumbe. Sehemu moja ya kiendelezi ikiiuliza sehemu nyingine swali ambalo jibu lake litachukua muda, kwenye Chrome kwa miaka mingi ilibidi anayeulizwa arudishe neno true, kana kwamba anasema "usikate simu, nakuja". Asiporudisha, laini inakatwa na jibu halifiki. Kwenye Firefox unaweza kurudisha ahadi, na laini inasubiri mpaka ahadi itimie. Aliyezoea Firefox alipopeleka msimbo wake kwenye Chrome aliona jibu halifiki. Sasa fikiria kivinjari cha tatu kinachosema "mimi napokea vya maduka yote mawili". Lazima kielewe zote mbili, tena kwa mfuatano ule ule ambao kila upande umeuzoea.

Wapo waliothubutu. Orion, kivinjari cha Kagi, ile kampuni ya injini ya utafutaji ya kulipia, kimejengwa juu ya WebKit, injini ile ile ya Safari, kivinjari cha Apple, wala hakina nasaba na Chromium au Firefox. Hata hivyo kinasakinisha viendelezi vya Chrome na vya Firefox, kwenye Mac na hata kwenye iPhone. Maana yake wanaiandika upya miito hiyo, mmoja mmoja, juu ya injini ambayo haikuwa nayo kwa namna hiyo. Kwenye kompyuta za Linux, kivinjari kiitwacho GNOME Web nacho kiliingiza viendelezi katika toleo la 43, Septemba 2022, kama jaribio lililozimwa mpaka mwenyewe uliwashe kwa amri. Kazi za aina hii zinafanywa na watu wachache, na nikisoma orodha zao za miito iliyokamilika na isiyokamilika nahisi heshima ile ile ninayoihisi kwa fundi anayechonga kipuri ambacho kiwanda hakiuzi.

Sehemu ngumu kuliko zote ni kuzuia matangazo, nayo ndiyo inayotafutwa na wengi. Kuna njia mbili. Ya kwanza ni ya mlinzi wa getini: kila kitu kinachotaka kuingia kwenye ukurasa, picha, video, msimbo, kinasimamishwa, mlinzi anakitazama, anaamua. Hivyo ndivyo uBlock Origin, kiendelezi maarufu cha kuzuia matangazo cha Raymond Hill, inavyofanya kazi, na ndiyo sababu ni hodari. Ya pili ni ya orodha iliyobandikwa getini: kiendelezi kinakikabidhi kivinjari orodha ya wasioruhusiwa, kisha kinakaa pembeni, kivinjari kinaamua chenyewe. Orodha ina usalama wake, maana kiendelezi hakioni unatembelea nini. Ina mipaka yake pia, kwa kuwa mlinzi mwenye akili anaweza kuamua kwa mazingira, orodha haiwezi. Manifest V3 ya Chrome ilichagua orodha, kila kiendelezi kikihakikishiwa kanuni 30,000 za kudumu, na nafasi ya ziada ya kugombewa na wote. Kuanzia mwishoni mwa 2024 viendelezi vya mfumo wa zamani vikaanza kuzimwa kwenye Chrome za watu, na katikati ya 2025 mlango ukafungwa kabisa. Firefox imebaki na mlinzi, na orodha pia imeikubali.

WebKit nayo kwa asili ni ya orodha. Kwa hiyo mtu anayejenga juu yake na kutaka uBlock Origin ifanye kazi inabidi amtafutie mlinzi pa kusimama ndani ya nyumba iliyochorwa bila kibanda cha mlinzi. Cha kwangu kinatumia orodha, kwa hiyo hakikuathirika, lakini msimamo wangu naueleza wazi: uamuzi wa mlinzi au orodha ungepaswa kuwa wa mwenye nyumba. Mtu anayenunua bando kwa siku ana haki ya kuamua kipi kisipite kwenye bando lake. Vivinjari vidogo vinavyohangaika kumwachia uamuzi huo vinafanya kazi ya maana kuliko idadi ya watumiaji wao inavyoonyesha.

Nikumbushe kwamba historia hii haikuanza jana, na si mara zote mdogo ndiye aliyemfuata mkubwa. Firefox ilikuwa na viendelezi vyake tangu mwanzo, vyenye uwezo wa kugusa kila kiungo cha kivinjari. Uwezo huo ukawa mzigo, kwa sababu kila Mozilla ilipobadilisha kitu ndani, viendelezi vilivunjika. Mwaka 2015 ikatangaza kwamba itachukua mfumo unaofanana na wa Chrome, na Novemba 2017, kwa toleo la 57, vya zamani vikaachwa vyote. Watu waliumia, wengine walipoteza kazi zao za miaka. Lakini bila uamuzi ule, kiendelezi changu nisingekihamisha kwa siku mbili, ningekiandika upya. Apple ikafuata kwa Safari mwaka 2020, na Juni 2021 Apple, Google, Microsoft na Mozilla wakakaa meza moja chini ya W3C, shirika linaloweka viwango vya wavuti, kuzungumzia mfumo wa pamoja. Mwaka 2025 Apple ikaongeza kitu ambacho naona kitasaidia wadogo wengi: programu yoyote inayotumia WebKit kwenye Mac na iPhone sasa inaweza kuomba uwezo wa kubeba viendelezi kutoka kwenye mfumo wenyewe, bila kuuandika upya kuanzia sifuri.

Kuna jambo moja linalonisumbua kuhusu kubeba vya wengine, na sipendi kulipita. Kiendelezi chenye ruhusa ya kusoma kurasa zote kinasoma na ukurasa wa benki. Februari 2021 Google ilikiondoa dukani kiendelezi kiitwacho The Great Suspender, kilichokuwa kikipumzisha vichupo visivyotumika ili kompyuta isielemewe, baada ya kubadilisha mikono na mwenye mpya kuingiza msimbo wa hatari. Chrome ilikizima hata kwenye kompyuta za waliokuwa nacho tayari. Kivinjari kingine kilichochukua kiendelezi hicho hicho kutoka duka hilo hilo, nani angekijulisha? Ukifungua mlango wa kupokea bidhaa kutoka duka la jirani, ni lazima uwe na namna ya kusikia jirani anapotangaza kwamba bidhaa ile ina sumu. Nikichagua kivinjari cha kumwekea mtu mzima asiyefuatilia habari hizi, hilo ndilo swali langu la kwanza siku hizi. La pili ni kama ruhusa zimeandikwa kwa lugha anayoielewa. Sentensi ya Kiswahili inayosema "kiendelezi hiki kitaweza kusoma kila ukurasa unaoufungua" ingemfanya mjomba anipigie simu kabla ya kubonyeza, na hiyo simu naitaka.

Basi nikasahihisha anwani ya fonti, nikatenganisha fonti na ukubwa, ili moja ikianguka nyingine ibaki. Nikapeleka toleo jipya. Jumatano mjomba akanipigia. Safari hii hakuuliza watoto kwanza: "Zimerudi, mjomba. Nasoma bila miwani." Akanisomea kichwa cha habari kimoja kwa sauti, polepole, kunithibitishia.

Ningeishia hapo, ila mjomba hasemi jambo zuri bila kumwambia binti yake. Dada yangu huyu anaishi Muscat, ana iPhone, na kwenye iPhone anatumia Orion. Akaniandikia: "Kaka, hicho cha baba mbona hujanipa na mimi?" Nikaazima Mac ya rafiki, nikaweka Orion, nikasakinisha kiendelezi changu. Fonti ikaja, ukubwa ukaja, lakini kitufe cha kuhifadhi mpangilio wa kila gazeti kikagoma. Nikasoma msimbo wangu mstari kwa mstari mpaka nikafika mahali nilipoandika, mwaka 2025 huo huo, nikiwa na haraka ya kumtibu mjomba: angalia jina la kivinjari, kama si Firefox, basi ni Chrome. Nilikuwa nimeigawa dunia nzima sehemu mbili. Kivinjari kinachojitambulisha kwa namna ya Safari hakikuwa na pa kuangukia, kikatumwa njia isiyokuwa yake.

Nikaufuta mstari huo. Mahali pake nikaandika swali jingine: je, mwito huu upo? Kama upo, utumie. Kama haupo, hifadhi kwa njia ya kawaida. Msimbo hauulizi tena jina la mtu. Nimeubandika mlangoni mwa chumba ninachofanyia kazi mkato wa karatasi wenye vivinjari vinne, Chrome, Firefox ya simu, Orion na GNOME Web, na kila toleo jipya sikipeleki dukani mpaka nimefungua gazeti lile lile kwenye kila kimoja na kuliangalia kwa macho yangu.

Usiku dada akanitumia picha ya skrini yake. Ukurasa wa rangi ya maziwa, maandishi meusi, hakuna tangazo hata moja, na kila mstari una maneno matatu tu kwa jinsi herufi zilivyokuwa kubwa. Chini ameandika: "Kaka, haya ni macho ya baba. Mimi nipunguzie."

Kitufe cha kupunguza hakikuwepo, kwa sababu mjomba hajawahi kukihitaji. Kimeingia kwenye toleo la wiki hii.